Malipo ya Pili

Nimepewa ufunguo na siku tatu
nitoe takataka katika ghala namba nne, nyuma ya stesheni ya Moshi,
kabla mnunuzi hajaleta vigae vyake.
Kahawa ilishaondoka zamani.
Harufu yake ndiyo haijapewa notisi.

Juu kabisa, flashi saba ndani ya kopo la siagi.
Nachomeka moja: mafaili yote yamegeuka njia za mkato
ziendazo kusikojulikana. Kirusi kimekula, kimeshiba, kimelala.
Chini yake, sidii. Nyingi zilishaibwa;
nimeziona Pasua, nyuma ya baiskeli,
zikimeremeta kwa taa za magari
bila kutaja hata jina moja la mkulima.

Kisha disketi, maboksi kumi na mawili,
kwa mwandiko wa karani Aminieli: USIPINDE. USIWEKE JUANI.
Hakuna aliyezipinda. Hakuna aliyeziweka juani.
Mashine ya kuzisoma ndiyo iliyotangulia kufa,
zimebaki kama barua za mtu aliyehama.

Diski kuu moja, nzito kama tofali la kuchoma.
Naitikisa. Ndani inalia njuga.

Na tepu, zile za magurudumu mapana kama sinia:
nusu zimeota ukungu tangu masika paa lilipovuja,
nusu mlinzi alimuuzia shemeji yake wa Chekereni.
Yule akautandaza utepe juu ya mpunga,
upepo ukaupigisha mbinja,
kweleakwelea wakatawanyika.
Mavuno ya wilaya nzima, kilo kwa kilo,
yakilinda mavuno ya mtu mmoja.
Sijui kama tepu zile ziliwahi kufanya kazi bora kuliko hiyo.

Sakafuni hasa, chini ya magunia: kadi.
Karatasi ngumu rangi ya chai ya maziwa, pembe moja imekatwa,
vitundu vya mstatili, kazi ya panya aliyekwenda shule.
Wino wa juu umefifia. Nikadhani nazo ni maiti.

Nikampelekea moja Bi Aikaruwa, Kiborloni,
aliyezitoboa miaka kumi na tisa kwa mdundo wa cherehani.
Sasa ana mtoto wa jicho. Hakuitazama.
Akapitisha ukucha, safu kwa safu,
kama anayechambua mchele gizani.
“Sifuri. Nne. Moja. Saba. Huyu wa Kibosho.
Kilo thelathini na nane. Daraja la tatu.
Malipo ya kwanza, amelipwa.”
Ukucha ukasimama.
“Malipo ya pili…
hapa hapana tundu, mwanangu.”

Sifuri nne moja saba ni mama.
Msimu ule nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya ada,
naye kila Jumamosi akisema: wataniita tu,
wana mashine siku hizi, mashine haisahau.

Haikusahau.
Walimhamisha kutoka kadi kwenda tepu,
tepu kwenda disketi, disketi kwenda sidii,
sidii kwenda flashi,
pengo lake likinakiliwa kwa uaminifu mkubwa,
kila safari katika chumba kidogo zaidi.

Kijana wa mnunuzi anapangusa skrini kwa shati:
ghala la nini tena, mama, siku hizi vyote viko winguni.
Natazama kaskazini. Tangu asubuhi Kibo haujajitokeza.
Mji wenyewe unaitwa Moshi,
na bado mnataka deni la watu likae mawinguni.

Jioni naishika kadi kwenye dirisha lenye nondo.
Jua linapenya matunduni, linaandika ukutani
kilo thelathini na nane, wazi,
bila umeme, bila nywila.
Panapofuata ni kivuli kitupu, upana wa kidole.

Ijumaa nitarudisha ufunguo.
Kadi, hapana.